Nguo za Ndani za Mamba

Mzamiaji waliyemwita Mamba alikuwa na miaka arobaini na saba, magoti mawili yaliyoanza kulalamika, na sifa moja iliyomtangulia kila alikokwenda: kwamba hasikii baridi. Sifa hiyo haikuwa ya kweli. Lakini alikuwa ameishi nayo muda mrefu mno hata akaiheshimu, kama mtu anavyomheshimu mpangaji mwenzake ambaye hajawahi kumjua vizuri.

Kazi yake ilikuwa kwenye bwawa la umeme, huko juu ambako mto hushuka kutoka milimani na kutulia nyuma ya ukuta wa zege. Chini ya maji, mita kumi na mbili, kulikuwa na malango matatu ya kupeleka maji kwenye mitambo, na kila lango lilikuwa na chujio la nondo nene. Magogo, matawi, magugu, viatu vya upande mmoja, vyote viliishia kwenye nondo hizo. Mamba na wenzake watano walishuka kuviondoa kwa msumeno, kwa ndoano na kwa mikono. Wasiposhuka, mitambo inakosa maji, na mji mzima unaanza kuulizana mishumaa iko wapi.

Walivaa suti za mpira mzito, zinazobana shingoni na vifundoni ili maji yasipate pa kuingilia. Watu hudhani suti ya namna hiyo ndiyo inayompa mzamiaji joto. Haimpi. Suti inamzuia asilowe, basi. Joto ni shughuli ya kile alichokivaa chini yake, na alichokivaa chini yake ni siri ya mtu na kamba yake ya kuanikia.

Mamba alivaa pamba. Fulana mbili za pamba na suruali ndefu ya pamba, tangu siku ya kwanza alipozama hadi leo. Zilipochakaa alinunua nyingine za aina ile ile. Kumuuliza mwenzake anavaa nini hakukuwezekana, kwa sababu kwenye jukwaa la kuelea walikovalia, neno baridi halikutamkwa. Nani aliianzisha desturi hiyo, hakuna aliyekumbuka. Maji yalikuwa mazuri, au mazito, na siku ambazo mtu alipanda midomo ikiwa ya buluu, maji yalikuwa na kiburi. Aliyeteleza ulimi akasema baridi aliosha suti za wote kwa wiki nzima, nje na ndani, na ndani ya suti ya mzamiaji si mahali pa kutembelea kwa hiari.

Afisa usalama mpya hakuyajua hayo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, waliyemwita Bi Usalama kabla hajamaliza hata kujitambulisha. Siku ya kwanza alitumbukiza kipimajoto, akakivuta, akasoma, akasema, "Digrii tisa. Maji yenu yana baridi sana."

Wanaume sita wakatazama vidole vya miguu yao. Babu Kina, mkongwe wa kikosi, akamweleza desturi kwa upole, kama anayemweleza mgeni choo kilipo. Bi Usalama akamsikiliza mpaka mwisho. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaosha suti sita, akazianika. Kisha akarudi na karatasi zake.

"Sasa," akasema, "tuendelee na ile baridi."

Alichokuja nacho kilikuwa kipimo. Kila mzamiaji ashuke kwenye chujio na kufanya kazi dakika arobaini mfululizo. Atakayeshindwa atapewa nafasi ya pili. Atakayeshindwa tena atahamishiwa ghalani.

Mamba alisikia neno ghalani likimshuka kooni kama kijiko cha dawa chungu. Mara ya mwisho alikaa chini dakika ishirini na mbili. Kabla ya hapo ishirini na tano. Mara hii alisingizia sikio, mara ile msumeno butu, mara nyingine maji machafu, na kila kisingizio kilipokelewa kwa adabu. Na ghala alilijua. Mtunza ghala wa sasa aliwahi kuwa mzamiaji. Alikaa nyuma ya dirisha la wavu akigawa glavu na kudai saini, na yeyote aliyekosea akasimama pale zaidi ya dakika moja alisimuliwa kina alichowahi kufika, na kila mwezi kina hicho kiliongezeka. Mamba akipita dirishani hapo alihisi kama anaoneshwa picha yake ya uzeeni.

Alikuwa anapenda kule chini. Hakuwahi kumwambia mtu, maana angeulizwa kunapendeka nini. Giza la kijani, halafu kahawia, halafu mikono inaanza kuona badala ya macho. Kila nondo ya lango la pili aliifahamu kwa kutu yake. Chini kule hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtuma, pumzi yake ilikuwa ndiyo sauti pekee. Kisha, dakika ya kumi na tano hivi, baridi inaingia. Haipigi. Inakuja na kukukalia, mgongoni kwanza, kama mgeni aliyekuja na mizigo yake.

Aliyekuwa akijua ukweli ni mtu mmoja tu, shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba ya usalama iliyofungwa kiunoni kwa Mamba. Mshika kamba hasikii kwa masikio, anasikia kwa viganja.

"Shemeji," alimwambia siku ile, wanafunga mabomba ya hewa, "leo kamba ilikuwa inatetemeka."

"Ni mkondo wa maji."

"Mkondo. Sawa." Akakunja kamba mikunjo mitatu. "Ulianza dakika ya kumi na sita, huo mkondo. Ukawa na meno yanayogongana."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani mimi? Nina dada mmoja tu, na dada huyo ndiye anayenipikia Jumapili."

Mamba akaelewa kwamba mkewe anajua. Hilo lilikuwa gumu kuliko kipimo. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilijaa majora, mifuko ya vifungo, na pasi ambayo haikupoa tangu asubuhi. Alikuwa akishika kitambaa kwa vidole viwili anakwambia kitachuja au hakitachuja. Mtu mwenye mke wa namna hiyo, ambaye mwili wake unahitaji nguo, angemwendea moja kwa moja. Mamba akaenda dukani.

Lilikuwa duka la vifaa vya michezo, lenye viatu ukutani na sanamu moja isiyo na kichwa iliyovaa suruali ya kukimbilia. Ilikuwa saa saba mchana na jua la mjini lilikuwa linachoma mabati. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, mpole, ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni.

"Nataka nguo za joto za kuvaa ndani," Mamba alisema, akitazama pembeni. "Si zangu. Ni za mwenzangu."

"Mwenzako ana mwili gani?"

"Kama wangu."

"Anasikia baridi sana?"

Mamba akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. "Watu wanasema."

Muuzaji akatandaza mezani. Kulikuwa na fulana nyembamba za kubana za poliesta, nyepesi hata ukizipuliza zinasogea. Kulikuwa na nyingine za sufu laini, nyembamba vile vile. Na mwisho wa meza, kama fahali katikati ya mbuzi, kulikuwa na suti nzima ya kuendea kwenye theluji, imejazwa pamba bandia, ina mito kifuani na mito mapajani.

"Hizi nyembamba zinakaa karibu na ngozi," muuzaji alieleza. "Zinavuta jasho. Halafu unavaa ya pili juu yake."

Mamba akaishika ile nyembamba na kuicheka moyoni. Nguo ambayo unaona mkono wako upande wa pili itamfanya nini mtu kwenye digrii tisa? Akaingia na ile suti ya theluji kwenye kichumba cha kujaribia, akafunga zipu, akasimama. Baada ya dakika mbili jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Baada ya dakika tatu kioo kilifanya ukungu. Akatoka akiwa mwekundu wa macho na mwenye furaha.

"Hii," akasema. "Hii ina joto."

"Ndugu yangu," muuzaji akasema, "hata mimi niliye na shati moja nina joto."

Mamba hakumsikiliza. Akaongeza na fulana mbili za mikono mirefu zenye manyoya, akaondoka.

Siku ya kipimo alifika mapema kuliko wote na kuvaa peke yake nyuma ya kontena la vifaa. Zilitangulia zile fulana mbili za pamba, kwa mazoea. Zikafuata za manyoya, mbili. Kisha suti ya theluji. Kisha suti ya mpira juu ya yote, ambayo aliivuta kwa kujinyonganyonga mpaka mshono ukalia. Alipotokea jukwaani mikono ilikuwa imesimama mbali na mwili, na shingo haionekani.

Shemeji yake alimtazama juu hadi chini. "Umenenepa tangu jana."

"Vuta zipu, acha maneno."

Foleni ilikuwa ndefu. Alikaa juani karibu nusu saa akisubiri wengine wamalize, akichemka taratibu kama sufuria iliyofunikwa. Hatimaye Bi Usalama akabonyeza saa yake, na Mamba akaruka.

Maji yakampokea, yakafikiri kidogo, yakamrudisha.

Alielea. Alielea kifua juu, mikono imetanuka, kama boya lililopakwa rangi nyeusi. Akabonyeza vali ya kutolea hewa, ikapiga mluzi mrefu, naye akashuka kiasi cha kulowa masikio. Hewa iliyokuwa imejificha kwenye ile mito yote haikuwa na nia ya kutoka. Akajaribu kutanguliza kichwa. Hewa ikakimbilia miguuni, miguu ikapanda juu yenyewe, na kwa muda mrefu kidogo wenzake waliona mapezi yake mawili ya kuogelea tu yakipiga anga.

"Anatafuta nini kule?" Babu Kina akauliza.

"Heshima," shemeji akajibu, huku akimvuta.

Wakamwongezea kiunoni vipande viwili vya risasi, ile madini nzito ya kumzamisha mtu. Akaelea. Wakaongeza vinne. Akaelea, ila sasa kwa huzuni. Shemeji alipochukua vingine, Bi Usalama akainua mkono.

"Basi. Akishuka na risasi zote hizo, hewa ikaminywa huko chini, atakwenda kama nanga. Mtoeni."

Wakamkalisha kwenye benchi na kumvua. Suti ya mpira ilipotoka, suti ya theluji ilifutuka, na mtu mmoja akakohoa. Ilipotoka hiyo, ikaonekana ya manyoya. Ilipotoka ya manyoya, ikaonekana ya manyoya. Hapo ndipo Babu Kina aliposhika nguzo na kukaa chini, maana mbavu zilimwisha. Wengine walicheka mpaka jukwaa likayumba. Mamba akabaki na fulana zake mbili za pamba, zimemganda mwilini.

Bi Usalama peke yake hakucheka. Alimwomba moja, akaikamua kwa mikono miwili. Maji yakachuruzika kwenye mbao.

"Suti imevuja?"

"Haijavuja."

"Basi maji haya ni yako mwenyewe." Akaitazama fulana. "Unatoka jasho huku juu. Pamba inalinywa. Unashuka nalo, na kule linageuka baridi. Umekuwa ukizama na kitambaa kibichi mgongoni miaka yote hii." Akamrudishia. "Kwa nini ulivaa zote hizi?"

Angeweza kusema lolote. Sikio lilikuwepo, msumeno ulikuwepo. Lakini mtu aliyevuliwa nguo tano mbele ya wenzake hana tena mahali pa kuficha ya sita.

"Nasikia baridi," Mamba akasema.

Kicheko kikakatika. Bi Usalama akaandika, akasema atamwona Ijumaa kwa nafasi ya pili, na ikishindikana ghala lina nafasi. Jioni hiyo Mamba aliosha suti sita, na hakuna aliyemkumbusha.

Nyumbani mkewe alikuwa akipiga pasi. Alimwona ameingia na furushi, akalishika kwa vidole viwili.

"Hili la nani?"

"La mwenzangu."

"Mwenzako alielea?"

Mamba akaketi kwenye jora. "Kaka yako hana mdomo, ana bomba."

"Miaka ishirini nakuona na alama za mishono mbavuni kama uliyelalia kamba. Nikikuuliza unasema ni umri." Akaweka pasi pembeni. "Mimi namshonea mke wa daktari, namshonea mwalimu mkuu, mtu niliyenaye ndani anakwenda kununua mito."

"Ningekuambia ungejua."

"Ndiyo faida ya kuambiana, baba watoto."

Kesho yake jioni mkewe alimpeleka uani. Feni ya chumba cha kushonea ilitolewa nje na kuwekwa juu ya kigoda. Mama mkwe, ambaye aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alipewa saa ya mezani akaipakata. Kazi ya Mamba ilikuwa kuvaa fulana, kuzunguka ua mbio mara ishirini, kisha kukaa mbele ya feni ametulia, mkewe akimmwagia vikombe vya maji ya friji miguuni. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akaona, akashuka bila kusalimia.

Walianza na pamba.

"Dakika nne," mama mkwe akatangaza. "Ametetemeka. Nimeona kidevu."

Ikafuata ya poliesta, iliyokatwa kutoka kwenye jezi. Ilikauka haraka na ikavumilia dakika kumi na moja, lakini harufu yake ilimfanya mama mkwe asogeze kiti chake nyuma mara mbili. "Inafaa," akasema, "ila kwa mtu asiye na familia." Ikafuata sufu nzito ya koti. Mamba alijikuna hadi akasahau kama kuna feni.

"Nataka sufu laini," mkewe akasema, kama anayejisemea. "Iliyofumwa, inayonyumbulika. Hiyo ndiyo inayoweza kukaa kwenye ngozi, inaliondoa jasho na hata ikiwa na unyevu bado ina joto. Mjini hapa iko pale dukani tu."

Mamba akakumbuka zile fulana alizozicheka, akaamka. Duka lilikuwa limeshafungwa, na kesho yake ilikuwa sikukuu. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Mama mkwe akaiweka saa chini, akaingia ndani, akakaa sana. Alirudi na shali lake, lile kubwa la kahawia lenye maua mekundu, la sufu laini, alilojifunika nalo kila alfajiri.

"Hapana, mama," Mamba akasema. "Hilo ni lako."

"Najua ni langu. Ndiyo maana nimelileta mimi."

"Nitalivaaje mwilini? Wewe ni mama mkwe wangu."

"Kwani nimekuambia univae mimi?" Akamkabidhi bintiye. "Kata kabla sijabadili mawazo. Na wewe, mwanangu, asijue mtu. Nina wenzangu wa kanisani na wa msikitini, wote wana midomo."

Mkewe alikata siku ile ile, akashona sikukuu nzima. Mishono aliiweka upande wa nje, ili mpira ukimkandamiza isimchore. Kitambaa kilitosha kwa shida, kwa hiyo mguu wa kushoto ulipata maua mengi kuliko wa kulia. Ile suti ya theluji aliifumua, akatoa zaidi ya nusu ya pamba bandia, akaipunguza mpaka ikamkaa Mamba kama nguo ya binadamu. Kisha akampa sharti moja: asivae kitu kizito mpaka zamu yake ifike, akae kivulini, asichemke.

Ijumaa Mamba alivaa wa mwisho, tena nyuma ya kontena. Akaruka, akabonyeza vali, na maji yakafunga juu ya kichwa chake bila ubishi.

Kijani, kahawia, kisha mikono. Lango la pili lilikuwa limebeba shina zima la mti, mizizi imejisokota kwenye nondo. Akaanza na msumeno. Alisubiri yule mgeni aje akae mgongoni. Alimsubiri kwa hofu, huku akikata, huku akihesabu mizizi. Mgeni alikuja. Alimsikia akizunguka nje ya suti, akijaribu mabega, akijaribu kiuno, akishika vidole vya miguu na kung'ang'ania hapo. Mgongoni hakupata kiti. Mamba akakata mzizi wa tano, wa sita, na mahali fulani katikati ya wa saba akasahau kuwa alikuwa akipimwa.

Juu jukwaani shemeji alikuwa amefumba macho, kamba viganjani. "Imetulia," akasema. Baadaye akasema tena, "Imetulia," na sauti yake haikuwa ya mzaha. Dakika ya arobaini Bi Usalama akatoa ishara, na shemeji akavuta mara tatu: panda.

Kamba ikajibu kwa mivuto miwili.

"Anasemaje?" Bi Usalama akauliza.

"Anasema nimlegezee." Shemeji akafumbua macho. "Nadhani hajamaliza."

"Mwambie saa ni yangu, si yake."

Alipanda dakika ya arobaini na tatu, na nyuma yake shina la mti likachomoza likitiririka maji kama mnyama aliyeamshwa. Wakamvuta kwenye benchi. Bi Usalama akamshika mkono, akaangalia kucha, akatazama midomo.

"Umesikia baridi?"

"Vidoleni. Vya miguu. Kuanzia dakika ya thelathini."

"Soksi tutazitafuta." Akaandika. Kisha akaenda kwenye ubao wa zamu wa wiki ijayo, akachukua chaki, akaandika jina lake kwenye lango la pili, Jumatatu hadi Alhamisi, na Mamba akalisoma mara mbili na maji yakimdondoka machoni, ambayo kwa bahati nzuri yalikuwa mengi usoni tayari.

Shemeji alikuwa amepiga magoti akimfungua zipu ya suti ya mpira, kisha ya ile ya kati. Mkono wake ukasimama. Kifuani, kati ya pande mbili za zipu, kulikuwa na ua moja jekundu, limechanua.

Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Shemeji, hili si la mama?"

"Ni la mama."

"Yeye anajua?"

"Yeye ndiye aliyesema asijue mtu."

Nyuma yao Babu Kina alikuwa akija, shingo mbele, kuona mtu wa dakika arobaini na tatu amevaa nini. Shemeji akashika zipu, akaipandisha mpaka kidevuni.

"Hajakauka," akamwambia Babu Kina. "Muache apumzike."